Jagi la Mukuba

Siku ilianza kawaida kabisa, Jumatano yenye ile mvua nyembamba ya Brussels isiyomlowesha mtu ila inamuudhi tu. Kina mama wa kanisa moja la Wakongo kule Koekelberg walikuwa wamepanga kutembelea makumbusho ya historia na utamaduni wa Wayahudi. Walikwenda na vilemba vyao vya Jumapili, maana kwao neno Israeli halitajwi bila amina kufuata. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Maman Graciella, mama wa mji wa Likasi huko Kongo aliyekuja kwa viza ya matembezi kumsubiri mjukuu wake wa kwanza azaliwe.

Mjukuu huyo alikuwa tumboni mwa Sidonie, mke wa mwanawe Nday, majirani zetu wa mtaa wa Saint-Gilles. Sidonie mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya, mchana, mezani kwetu, na chai yake hakuinywa. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka. Hii ya tatu ilikuwa imefika mbali, tumbo linaonekana, na nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata isije ikaishtua. Maman Graciella alikuwa amemfunga uzi mweusi wa kinga kiunoni chini ya nguo, bila pasta kujua. Kanisani mama huyohuyo alikemea mambo ya namna hiyo kwa sauti kuliko mtu yeyote.

Kuingia makumbusho walipekuliwa vizuri, mikoba ikapitishwa kwenye mashine, funguo na simu zikawekwa kwenye sinia. Walipokelewa na Madame Régine, bibi wa Kiyahudi mwenye nywele nyeupe fupi, mzaliwa wa hapo hapo Brussels, aliyekuwa anajitolea kuwatembeza wageni. Aliwaonyesha taa za ibada, nguo za harusi, picha za familia zilizosimama mbele ya maduka yao karibu na stesheni ya Gare du Midi. Sidonie, aliyefuatana nao, aliitambua barabara moja. Ni pale anaponunua muhogo siku hizi.

Chumba cha juu kilikuwa kinapangwa upya. Kabati moja la kioo lilikuwa wazi, na vitu vyake vimelazwa juu ya meza yenye kitambaa cha kijivu, bila maelezo yoyote. Kulikuwa na kitana, kijiti chembamba cha fedha, na jagi la shaba lenye tumbo pana na maandishi ya Kiebrania shingoni. Maman Graciella aliliona jagi lile akasimama palepale.

"Mukuba," alinong'ona.

Hivyo ndivyo wanavyoiita shaba kule kwao Katanga. Baba yake aliichimba maisha yake yote, ikamlipa kifua kibovu.

Sidonie alikuwa nyuma yake alipoisikia harufu. Ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa, yale yanayobaki chini ya chombo mabua yakishaoza. Ilimpanda puani mpaka mate yakamjaa mdomoni. Akashika ukuta. Kina mama wakamzunguka, huyu anampepea, yule ananena kwa lugha, Madame Régine anakimbilia kiti. Ndani ya vurugu hiyo hakuna aliyekuwa anaiangalia meza.

Kutoka, hakuna aliyewapekua. Kwenye tramu Maman Graciella alikaa na mkoba wake mapajani, mikono yote miwili juu yake mpaka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Nday alikwenda kazini. Redio ilikuwa inaimba jikoni. Maman Graciella alimwita mkwe wake bafuni.

"Sido, kuya. Niko na kitu ya kukuonyesha."

Jagi lilikuwa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, limejazwa maji ya uvuguvugu.

"Maman! Ile ni ya musée! Uliiba?"

"Niibe nini? Hii mukuba ilitoka wapi? Ilitoka kwetu. Bazungu balibeba, mie minarudisha tu. Et puis, unaona haya maandishi? Ni luga ya ba-prophète. Maji ikipita humu, hakuna mulozi atagusa hii tumbo."

"Turudishe. Leo leo."

"Alors ba-police baniulize visa? Unapenda banirudishe Likasi mbele ya kuona mutoto?"

Sidonie aliliangalia tumbo lake. Mtu aliyepoteza mimba mbili anachoka hata kukataa dua. Na kwa siri, moyoni, alijiuliza itakuwaje akikataa halafu na hii ikatoka. Basi akavua nguo, akaingia kwenye beseni.

Maman Graciella alianza kumwaga. Alianzia kichwani, akashuka bega la kulia, ubavu wa kulia, mguu wa kulia, kwa mkono uliotulia ajabu. Kisha akageukia kushoto.

"Maman, nani alikufundisha kuoga muntu hivi?"

"Sijue," mama alijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa. "Mukono inaenda yenyewe."

Hapo harufu ikarudi. Sasa nikuambie, Sidonie si mwanamke wa kuona kinyaa ovyo. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Berchem-Sainte-Agathe. Ameshafuta kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu, halafu akala mkate wake wa mchana. Lakini harufu hii aliijua. Ni ya chumba mzee akishafariki, dirisha limefunguliwa, shuka zimeondolewa, na bado imo. Maji yenyewe yalikuwa na utando. Yalimteleza mwilini kwa uzito wa mchuzi uliolala, yakamwingia mdomoni, na yalikuwa na ladha ya chumvi na ngozi ya mtu mwingine.

Alitapika palepale kati ya miguu yake, akalisukuma jagi kwa nguvu. Maji yakakatika katikati ya mgongo.

"Ni grossesse tu, ni mimba," Maman Graciella alisema, anafuta sakafu. "Ni grossesse, usiogope."

Usiku huo Sidonie alilala vizuri, na hilo ndilo linalomtia kichefuchefu mpaka leo. Alilala usingizi wa mtu anayebembelezwa. Alipoamka, rasta zake zilikuwa zimefumuliwa. Zote, mpaka za kisogoni, kazi ya siku nzima ya kukaa chini. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimechanwa na kugawanywa kwa mstari ulionyooka upande wa kulia. Meshi, zile nywele za bandia, zilikuwa zimekunjwa juu ya taulo safi pembeni ya kitanda, unyuzi mmoja haukuanguka. Nday aliapa kwa mama yake kwamba hajui kufumua hata fundo la kiatu.

Asubuhi iliyofuata zilikuwa kucha. Alikuwa nazo ndefu, za rangi nyekundu. Zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama, zimesafishwa, chini yake peupe pe. Shuka aliyolalia ilikuwa na maji ya uvuguvugu, tena upande wa mgongo peke yake.

Kisha uzi wa kiunoni. Ulikuwa umefunguliwa mafundo, ukanyooshwa, ukawekwa juu ya meshi. Kamba ya gauni la kulalia ilikuwa imefunguliwa. Hata kamba za viatu vya Nday vilivyokuwa mvunguni zilikuwa zimefunguliwa zote.

Maman Graciella alianza kuomba kwa sauti ya chini, yeye ambaye majirani wa ghorofa ya juu walikuwa wanamgongea kwa kelele za maombi. Alikuwa amelificha jagi kwenye kabati la bafuni. Alilikausha kwa kitambaa, akalifunika kichwa chini. Kesho yake lilikuwa limesimama wima, na chini mna maji. Akayamwaga, akalikausha. Yakarudi.

Sidonie ndiye aliyelichungulia kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa ya kijivu, yana mafuta juu. Ndani yake palielea unywele mweupe mrefu. Chini kabisa, vimetulia pamoja, palikuwa na vipande vyembamba vyekundu. Alivitazama muda kabla ya kuelewa. Ni kucha zake.

Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Alijiona mchafu, na kila alipojiangalia alikuwa msafi kuliko alivyowahi kuwa maishani. Alishindwa kujigusa. Alishindwa kulishika tumbo lake mwenyewe, akiwaza ni nani mwingine ameshalishika.

Halafu ikaja asubuhi ambayo aliamka mapema mno.

Kulikuwa na mwanga mdogo wa kijivu pazia zikiwa zimefungwa. Nday anakoroma. Sidonie hakufungua macho. Alisikia maji.

Yalikuwa yanamwagwa juu yake. Polepole. Bila kukatika.

Kisha mikono. Mingi. Si ya baridi wala ya moto. Mmoja ulimshika kisogo, mwingine bega, mwingine nyonga. Wakamgeuza ubavu wa kushoto kwa upole mkubwa. Hawakumvuta. Hawakukiacha kichwa chake kianguke. Walimfunika sehemu moja kabla ya kufunua nyingine.

Anaijua kazi ile. Anaifanya yeye mwenyewe kule Berchem. Lakini mzee aliye hai husaidia kidogo, hushika reli ya kitanda, hunung'unika. Hivi anageuzwa asiyeweza kusaidia tena.

Maji yakafika mgongoni, pale yalipokatika siku ile. Yakapita. Hayakukatika.

Mtu akashusha pumzi. Mtu mwingine akanong'ona. Kisha kitambaa kikapanda miguuni mwake. Kikavu, kigumu kidogo, kina harufu ya kitani kipya. Kikapanda magotini. Kikafika tumboni na hapo kikasimama, na viganja viwili vikawekwa juu ya tumbo, vikatulia, vikisikiliza.

Mtoto akacheza.

Viganja vikaondoka ghafla. Sidonie akapiga kelele.

Asubuhi hiyohiyo, kabla hata ya kuvaa vizuri, alilitia jagi kwenye mfuko wa plastiki akamwambia mama mkwe wake avae koti. Maman Graciella alifungua mdomo kutaja viza. Sidonie alimwekea mikono mbele ya uso, kucha zile zilizokatwa mpaka kwenye nyama.

"Bananiosha, Maman. Bananiosha sawa mufu. Leo balileta nguo."

Mama alivaa koti.

Madame Régine aliwapokea kwenye ofisi ndogo nyuma ya ngazi. Alipoliona jagi likitoka kwenye mfuko wa plastiki wa duka, uso wake uliganda kwa hasira, na haki yake. Kisha aliona kucha za Sidonie. Akafunga mlango, akawaambia wakae, akasikiliza mpaka mwisho bila kuingilia.

"Hili ni jagi la kuoshea maiti," alisema kwa Kifaransa chake cha taratibu. "Kitana kile ni cha kuwachana nywele. Kijiti ni cha kusafisha kucha. Kwetu kuna watu wanaoifanya kazi hiyo bila malipo, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Mimi nimeifanya miaka mingi."

Maman Graciella alitoa sauti ndogo kooni. Alikuwa amemmwagia maji ya maiti mwanamke mwenye mimba. Kwao mwenye mimba hapiti hata mbele ya nyumba ya kilio. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta mikono, akajifuta na kujifuta, mpaka Sidonie akamshika.

"Maji yakishaanza hayakatizwi," Madame Régine aliendelea. "Yakikatika, lazima kuanza upya. Anaoshwa, mafundo yote yanafunguliwa, anavishwa kitani. Kisha anapelekwa."

"Hamwoni kinyaa?" Sidonie alimuuliza.

"Maiti hawezi kujifunika mwenyewe, mwanangu. Ukilifikiri hilo, kinyaa kinakutoka." Aliligeuza jagi taratibu. "Wenye jagi hili walikuwa wanawake wa mtaa wenu, karibu na Gare du Midi. Wakati wa vita walipakiwa kwenye treni kwenda kuuawa, wote. Waliosha watu maisha yao yote, na wao hawakuoshwa na mtu."

Nje tramu ilipita, kioo kikatetemeka.

Madame Régine aliwaambia wazi kwamba yeye haamini mizimu. Angeweza tu kuwaeleza kazi inavyomalizika. Mwishoni waoshaji husimama mbele ya marehemu, humwita kwa jina lake na jina la baba yake, na humwomba msamaha kwa lolote walilomkosea mikononi mwao. Baada ya hapo mikono huondolewa, haigusi tena. Aliyemwaga maji ndiye anayepaswa kuomba.

"Mie?" Maman Graciella alishtuka. "Nilombe musamaha kwa mukwe wangu? Kwetu haiko vile, Madame. Bukwe ni bukwe."

Sidonie hakubishana. Alikuwa amechoka. Alikaa tu na mikono juu ya meza, na machozi yanashuka. Maman Graciella aliitazama mikono ile muda. Kisha yule mama mzito, kiongozi wa maombi, mwenye magoti mabovu, alishuka kwenye kiti akapiga magoti kwenye zulia la ofisi ya watu.

"Sidonie, mutoto ya Constant," alinong'ona, "unisamehe. Nilikuosha sawa mufu, na weye uko muzima. Unisamehe, mama."

Madame Régine aliitikia kwa Kiebrania, neno fupi. Harufu ile, Sidonie anasema, iliondoka papo hapo ofisini. Walikuwa wanasimama kuondoka wakati bibi yule alipolitazama tumbo.

"Na huyu? Anaitwa nani?"

"Hana jina," Maman Graciella alijibu. "Kwetu mutoto hapewe jina mbele ya kuzaliwa. Tulisha kupoteza babili."

Madame Régine aliwafungulia mlango. Lakini walipofika barabarani Sidonie aligeuka, akamwona bado amesimama mlangoni, hajarudi ndani.

Jagi lilirudishwa kwenye kabati, polisi hawakuitwa, na usiku nyumbani ukawa usiku wa kawaida tena. Sidonie alisuka rasta upya, zikadumu. Kucha zikaota. Siku moja alimenya ndizi za kupika, akaona weusi chini ya kucha zake, akacheka peke yake jikoni kwa furaha ya kuona uchafu wake mwenyewe. Mtoto tumboni alicheza vizuri. Alicheza zaidi alfajiri, na kila mara upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto.

Uchungu ulimshika asubuhi ya mwanzo wa baridi. Hospitalini aliingia na Maman Graciella, maana Nday alikuwa amekwama kazini. Mambo yalikwenda haraka. Mtoto akatoka, wa kiume, na chumba kikanyamaza.

Hakulia. Mkunga alimnyanyua, akamgeuza, akamtazama tena. Hakuwa na damu. Hakuwa na ule utando mweupe wanaozaliwa nao watoto. Alikuwa mkavu, safi, ngozi inang'aa. Nywele zake zilikuwa zimechanwa na kugawanywa upande wa kulia. Kamba ya kitovu ilikuwa imenyooka, haina fundo wala msokoto.

"Nani amemwosha huyu?" mkunga aliuliza kwa Kifaransa, bila kujua anamuuliza nani.

Macho ya mtoto yalikuwa yamefungwa. Midomo ilikuwa inaanza kuwa ya buluu. Daktari aliitwa, mlango ukagonga ukuta, mtu akavuta mashine. Sidonie alisikia harufu ya kitani kipya.

"Maman!" alipiga kelele. "Jina! Mupatie jina!"

Maman Graciella alikuwa ameshafika sakafuni. Alijiburuta kwa magoti kati ya miguu ya wauguzi mpaka kwenye meza ile, akashika kidole kimoja cha mguu wa mjukuu wake, akampa jina la kwanza lililomjia, jina la marehemu mume wake.

"Josias, mutoto ya Nday, unisamehe! Unisamehe, papa, unisamehe! Bamuache! Ni muzima!"

Mtoto akavuta pumzi. Akalia mpaka akawa mwekundu, akamkojolea daktari, na Sidonie anasema hajawahi kuona uchafu mzuri namna ile.

Josias sasa anakimbia. Maman Graciella amesharudi Likasi, na kila anapopiga simu anauliza swali lilelile kabla hata ya salamu: mtoto anachafuka?. Sidonie humjibu kwamba mtoto anakula, anaongea, anarudi kutoka bustanini kila jioni na udongo mpaka masikioni. Hilo ni kweli. Ila siku ile mezani kwetu mtoto alikuwa pale pamoja naye, anacheza na kijiko, na mke wangu akamshika mkono akasifia kucha zake zilivyo safi na zilivyokatwa vizuri. Akamuuliza Sidonie anatumia mkasi gani.

Sidonie aliirudisha chini ile chai isiyonywewa.

"Mie?" alisema. "Tangu azaliwe, sijamukataka hata siku moya."